Ngozi ya Dada Yangu, Mwaka Ule wa Ulezi

Dada yangu alipokuja nyumbani Msanzi kutusaidia kuvuna ulezi, alinikumbatia pale uani nami nikabana pumzi. Alikuwa ananuka. Halikuwa jasho, wala haukuwa uchafu, maana dada alikuwa msafi kuliko sisi wote. Ilikuwa harufu ya dagaa walionyeshewa wakiwa wameanikwa, imefunikwa kwa manukato ya sabuni ya dukani. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, niko likizo, na kinyaa changu kilikuwa kinajulikana katika ukoo mzima. Nilikuwa sili chakula kilichotuliwa na nzi, sinywi kikombe alichonywea mwenzangu, na nikiona kamasi za mtoto nageuka nitazame pengine. Basi nilipomwachia dada nilirudi nyuma hatua kadhaa, nikajifanya natafuta ndoo.

Uso wake ulikuwa umegeuka. Alipoondoka nyumbani kwenda kufanya kazi Sumbawanga mjini alikuwa na rangi yetu, nyeusi iliyotulia kama ya marehemu baba. Sasa mashavu yalikuwa na rangi ya papai lililoanza kuiva, yameng'aa, na ukitazama vizuri uliona vimishipa vyekundu vimetambaa chini ya ngozi. Masikio yalibaki meusi. Vifundo vya vidole navyo vilikuwa vyeusi, tena vyeusi zaidi ya zamani, hadi mikono yake ilionekana kama imeshonwa kwa vipande vya watu wawili.

Mama alifurahi. "Mwanangu umetakata," alisema, akampapasa shavu. Majirani wakaja, nao wakampapasa. Mmoja alimshika mkono akaugeuza huku na huku kama anayechagua kitambaa sokoni. Nakumbuka vile vidole vyao, vingine bado vina mafuta ya kupikia, vikipita juu ya ngozi ya dada yangu, na yeye akiwaachia, anatabasamu.

Lazima nieleze alikopata rangi hiyo. Utotoni mwangu sabuni ilikuwa jambo la kupangia foleni. Tulikwenda kwenye duka la kijiji na mara nyingi tulirudi na maneno tu, kwamba mzigo haujafika. Kisha ikaja ruksa, yaani biashara ikaachiwa huru, na ghafla kila mwenye mtaji akawa mfanyabiashara. Mitumba ikatandikwa chini sokoni. Malori yakaanza kupandisha vitu kutoka Tunduma, na pembeni ya stendi ya Sumbawanga pakafunguliwa duka la vipodozi lenye vioo mbele, la mama mmoja ambaye zamani alikuwa akiuza maharage kwa debe. Dada alipata kazi hapo. Mwenye duka aliwapa wasichana wake krimu na sabuni bure, akawaambia kwamba mteja hasomi maandishi ya kwenye boksi, anasoma uso wa anayemuuzia. Aliyekataa kupaka aliambiwa atafute kazi kwingine.

Dada alinionyesha mchanganyiko wake. Ulikuwa kwenye kopo la siagi, krimu za aina mbalimbali zimekorogwa pamoja kwa mpini wa kijiko, juu yake mafuta yamejitenga na kufanya maji ya njano. Alichovya kidole, akanipelekea puani kwa utani. Nilikimbia nje.

Kuvuna ulezi ni kazi ya kuinama. Unashika suke moja moja, unakata kwa kisu, unatupia kapuni, na mgongo na shingo ndivyo vinavyotazama juu siku nzima. Mwezi wa sita kwetu Ufipa ni wa baridi. Asubuhi tulitoka na masweta, umande umeganda kwenye majani, upepo unakata masikio. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa mwanga, haina hata wingu. Kazi ilipotupa joto, dada alivua sweta akabaki na blauzi ya mtumba, ya shingo pana iliyoacha mgongo wazi, na mikono ya kukatwa.

"Jifunike kitenge mabegani," mama alimwambia.

"Jua gani hili, mama, na baridi yote hii?"

Na kweli halikuwa jua la kusikika. Upepo ulikuwa ukitupuliza tangu asubuhi, mpaka midomo ilipasuka, na mchana tulikula viazi tukiwa tumekaa palepale shambani kwa kutamani joto. Hakuna aliyelalamika. Tulirudi nyumbani jioni na makapu kichwani.

Alipokuwa anaoga ndipo nilimsikia akitoa sauti, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nilimkuta ndani ya uzio wa kuogea, ameushikilia. Shingo, mabega, mgongo na mikono vilikuwa vyekundu. Mimi nilikuwa sijawahi kuona ngozi ya mtu wetu ikiwa na rangi ile, rangi ya nyama iliyotundikwa buchani. Mama akambonyeza begani kwa kidole, alama ikabaki nyeupe kwa muda, halafu wekundu ukarudi polepole. Dada akaanza kutetemeka, meno yanagongana, huku mwili ukiwaka ukimgusa.

Kufikia asubuhi uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari. Mabegani yalikuwa yametoka malengelenge, mengine madogo kama punje za ulezi, mengine yameungana yakawa mfuko mmoja uliojaa maji, unaotikisika akisogea. Nilitazama mara moja tu, nikaenda kukaa jikoni.

Mama alifanya alichokijua. Alikuwa na chupa ya samli, aliyoinunua kwa wafugaji waliohamia huko bondeni upande wa Muze na ng'ombe wao. Samli ilikuwa ya zamani, ina ukali wake. Akaiyeyusha, akampaka dada mgongo mzima. Dada alilia kwamba moto umezidi. Mama akasema ndivyo dawa inavyofanya kazi. Mchana akaja jirani yetu, mwanamke mwenye huruma na asiye na subira, akasema samli peke yake haitoshi. Akachukua mwiba, akatoboa malengelenge moja baada ya jingine, maji yakamtiririka dada mbavuni. Kisha akapaka dawa ya meno juu yake.

Sitaisahau sura ya ule mgongo siku zilizofuata. Samli ilikuwa imeshika vumbi, dawa ya meno imekauka ikapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na katikati ya nyufa palikuwa na majimaji ya njano. Nzi walikuja. Walikuja wengi, wakatua, wakanasa miguu kwenye samli, na wengine walifia humohumo. Harufu ya krimu, ya samli iliyochacha na ya kidonda zilichanganyika katika chumba chetu kidogo, mpaka chakula nilichokula uani kilikuwa na ladha yake. Nilimpelekea dada uji nikiwa nimejiziba pua kwa pembe ya kanga. Aliniona. Akanywa uji.

Homa ilipompanda dada, mama akakubali tumpeleke zahanati ya misheni. Tulimpakia kwenye baiskeli ya mjomba, amefunikwa shuka jepesi, mimi nikishikilia kwa nyuma, na kila baiskeli iliporuka kwenye mawe alikuwa anauma kitenge.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya chini. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku anavaa glavu. Alifunua shuka. Hakukunja uso hata kidogo, jambo ambalo mimi niliona kama muujiza. Aliinama, akanusa.

"Unapaka nini?"

Dada aligeuzia uso ukutani.

"Nakuuliza wewe, binti. Mgongo huu una samli na dawa ya meno, hivyo navijua. Nauliza cha chini yake."

"Anapaka mkorogo," nilisema mimi. "Wa kwenye kopo. Mwili mzima."

Muuguzi akavuta kigoda akakaa. Alizungumza na dada, si na mama, wala hakumkaripia. Alimwambia kwamba weusi wetu si uchafu wa kusuguliwa, ni kivuli ambacho ngozi inajitandia yenyewe. "Krimu hizo zimekiondoa kivuli na zimeilainisha ngozi, imekuwa nyembamba kama ya mtoto. Halafu ukaiweka juani kutwa nzima."

"Lakini kulikuwa na baridi," dada alisema. "Kulikuwa na upepo."

"Upepo ndio unaodanganya watu huku kwetu. Tuko juu, hewa ni nyepesi, mwanga wa jua unafika ukiwa mkali kuliko kule ziwani. Kinachounguza ni ule mwanga, joto ni kitu kingine. Unapulizwa, unajiona uko salama, kumbe ngozi inaiva. Hata sisi tusiopaka kitu tunaungua, ila tunachelewa na tunaungua kidogo. Na jua likishaunguza, moto wake unaendelea ndani ya ngozi hata ukiwa umeshaingia nyumbani. Ndiyo maana ulianza kuumia jioni."

Mama akauliza kama samli ilikuwa na kosa. Muuguzi akamjibu kwa adabu kwamba mafuta juu ya ngozi inayowaka yanafungia joto ndani, na kwamba lengelenge lisilopasuka ni kifuniko safi ambacho mwili umejitengenezea. Ukilitoboa unafungulia mlango uchafu. Mgongo wa dada ulikuwa umeshaanza kutunga usaha.

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye utakayemhudumia. Sogea uone ninavyofanya."

Nilisogea. Alikuwa na bakuli la maji yaliyochemshwa yakapoa, na pamba. Alilowesha, akasubiri, akafuta taratibu bila kusugua. Samli ikatoka vipandevipande, ya kijivu, ina miguu ya nzi, na kwenye vipande vingine ngozi iliambatana nayo, laini kama utando wa maziwa. Chini yake palikuwa na nyama ya waridi iliyolowa. Nilistahimili mpaka shingo ikaisha. Halafu nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya watawa, nikanawa mdomo bombani, nikarudi. Muuguzi aliniambia nishike bakuli.

Alitupa vidonge vya maumivu na dawa ya usaha, na maelekezo yaliyokuwa mepesi kwa kusikia na magumu kwa kutenda. Kitambaa safi cha pamba, kilicholoweshwa maji ya baridi ya kawaida, kiwekwe mahali palipo pekundu na kibadilishwe kikipata joto. Sabuni isiguse kidonda. Anywe maji mengi na uji mwepesi, kwa sababu mtu aliyeungua hivyo anakauka ndani. Avae nguo pana isiyobana. Ngozi inayobanduka isivutwe, iachwe idondoke yenyewe. Malengelenge yakishakauka, apake mafuta ya mgando kidogo, yasiyo na manukato. Asitoke juani mpaka ngozi ifunge, na baada ya hapo asitoke bila mikono mirefu na kofia pana, hasa kuanzia jua linapopanda mpaka linapoanza kushuka. Homa ikirudi, au usaha ukizidi, tumrudishe mara moja.

"Na hilo kopo, basi," alimalizia. "Lakini nikuambie ukweli. Ukiacha, uso utakuwa mbaya zaidi kabla ya kuwa mzuri. Utawasha, utatoa vipele. Watu watakuambia rudia. Usirudie."

Ilikuwa kama alivyosema. Mgongo ulianza kupona. Nilizoea kulowesha vitambaa, kuvichemsha, kuvianika. Ngozi ilibanduka kama maganda ya kitunguu, ikadondoka shukani, nikawa naikung'uta uani kila asubuhi. Siku moja nikaona kuku wanadonoa. Wanadonoa ngozi ya dada yangu, wanagombania. Niliwafukuza kwa mawe, na nikakataa kula mayai ya nyumbani mpaka shule zilipofunguliwa. Mama alidhani nina malaria.

Uso ndio uliotutesa. Vipele vilitoka mashavuni na kidevuni, vyenye vichwa vyeupe, na katikati yake ngozi ikawa na mabaka, mengine mekundu, mengine ya kahawia, mengine ya bluu ya kufifia kama wino uliomwagika. Dada alijikuna akiwa usingizini mpaka damu. Alipoamka alikuwa akiomba kopo lake.

"Kidogo tu. Cha kutuliza."

"Muuguzi alikataza."

"Muuguzi haoni uso wangu. Wewe mwenyewe huniangalii."

Ilikuwa kweli, nilikuwa simwangalii. Nikamwangalia. Nikamwekea kitambaa cha baridi usoni, nikakaa pale mpaka mkono wake ukalegea.

Siku hizohizo mwenye duka akaja. Alikuja na pikapu, amebeba mkate, soda na sukari, na mama akakimbia kutandika kitambaa kwenye kiti. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mwanamke mzuri, mweusi tii, ngozi imetulia kuanzia paji la uso hadi vidoleni, vifundo na vyote, hakuna hata doa. Aliingia chumbani, akamtazama dada aliyelala kifudifudi, akatoa leso kwenye mkoba akajiziba pua. Leso ilikuwa na manukato. Alisimama mlangoni, hakusogea zaidi.

"Pole, mwanangu. Ulikosea kipimo," alisema kupitia leso. "Au ulipitisha siku bila kupaka. Ngozi ikikosa krimu inashtuka."

Akamkabidhi mama tyubu mbili. Alisema hizo ni kali zaidi, mzigo mpya, zinafuta makovu na vipele ndani ya muda mfupi, na kwamba kazi ipo inamsubiri. Ila kwa sasa, akirudi, atakaa stoo nyuma, asionekane na wateja mpaka uso utakate. Mama alizipokea kwa mikono miwili. Alipiga goti.

Dada akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Bosi, wewe mwenyewe unapaka nini?"

"Mimi?" Yule mama alicheka kidogo, bila ubaya wowote, kama aliyeulizwa anakunywa chai ya aina gani. "Mimi napaka mafuta ya nazi tu. Hayo mengine ni ya biashara."

Alisema hivyo, wazi, chumbani kwetu, mbele ya mgongo ule. Na mama hakusikia, kwa sababu alikuwa ameshatoka kumkamata jogoo. Alimfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akampa yule mwanamke kama shukrani, naye akamtupia nyuma ya pikapu. Nimeona vidonda vingi tangu hapo, nimewauguza wazazi na watoto, lakini sijawahi kuhisi kichefuchefu kama kile nilichokihisi nikitazama jogoo wetu akiondoka na lile gari.

Mama alirudi ndani akiwa na tyubu mkononi. "Tujaribu kidogo," alisema. "Mtu amekuja kutoka mjini kote huko."

"Ziweke hapo, mama," dada alisema.

Mama alipokwenda kisimani dada alikaa kitandani, jambo lililomchukua muda. Aliniambia nimletee begi lake. Alitoa kopo la siagi, sabuni, na krimu zote zilizobaki, akaziweka kwenye kanga pamoja na zile tyubu mpya, akafunga fundo. Tulikwenda wote chooni, yeye akiegemea bega langu. Tulikuwa tunapitia kivulini, kando ya ukuta. Alizitupa mwenyewe. Tulisikia zinavyotua, kisha mavi yakarusha harufu juu, na kwa mara ya kwanza tangu aje nyumbani dada alicheka, huku anashika mbavu kwa sababu mgongo ulikuwa unauma. Mimi nilikuwa nimejiziba pua, machozi yananitoka.

Mama aligomba kwa siku kadhaa. Alisema tumetukana riziki. Kisha akaacha, kwa kuwa dada alikuwa haondoki, na mikono yake ilihitajika kupura ulezi. Aliupura amekaa ndani ya banda, amevaa shati la baba la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Rangi yake ilirudi kwa kuchagua. Mabega yalirudi kwanza, yakiwa na madoadoa mepesi ambayo hayakuondoka kamwe. Mikono ikafuata. Mashavu hayakurudi sawasawa. Mpaka leo, chini ya macho, ana mabaka mawili ya rangi ya jivu, magumu kidogo ukiyagusa, na akikaa juani hata kidogo yanamchoma kabla sisi hatujahisi lolote. Hakurudi dukani. Alijifunza kushona kwa shangazi yetu aliyekuwa anaishi Chala, na huko akaolewa.

Tulikutana na yule mwenye duka miaka michache baadaye, tumetoka misa Sumbawanga, watu wamejaa uwanjani. Duka lake lilikuwa limeongezewa mlango wa pili. Alitujia kwa furaha ya kweli. Alisalimia "Tumsifu Yesu Kristo", dada akaitikia, nami nikaitikia kwa kuchelewa. Akanyoosha mkono akamshika dada kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga.

"Umepona vizuri," alisema. "Ila umerudi kuwa mweusi."

Dada aliushusha ule mkono taratibu, kama anayeondoa mdudu kwenye nguo ya mgeni. "Ndiyo, bosi. Nimerudi."

Akavaa kofia yake ya ukili, pana, ambayo wasichana wa mjini waliokuwa karibu waliiangalia wakacheka, akanishika mkono tukaondoka. Njiani aliniuliza nina nini, mbona natema mate. Nikamwambia vumbi.